Kausha Damu ya Moyoni: Maneno kwa Watu wa Mwalo wa Kibirizi

Maneno haya niliyasema Kibirizi, mwalo wa mitumbwi na boti kando ya Ziwa Tanganyika, Kigoma, siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika na watu wana nafasi ya kusikiliza. Nimeyaandika karibu yote kama yalivyotoka. Salamu nimezipunguza, na kelele za watoto nimeziacha hukohuko mchangani.

Ndugu mwenyekiti wa mwalo, wazee wangu shikamooni. Akina mama, vijana wa mitumbwi, Asalaam aleykum, Bwana asifiwe.

Mwenyekiti aliponiita alisema, "Njoo utuambie habari za presha." Nimekuja nayo, ila presha yangu ya leo haipimwi yote kwa mashine. Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili miaka mingi, na mtu wa mwalo namjua anavyoingia kliniki. Haji kusema anaogopa. Anakuja kusema moyo. Moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, pumzi haitoshi, anahisi ndiyo anaondoka. Anapimwa moyo, mzima. Anapimwa malaria, hana. Anarudishwa nyumbani na panadol na aibu yake, na kabla wiki haijaisha jirani keshamwambia karushiwa kitu.

Leo namzungumzia mtu huyo. Na nina neno moja tu juu yake: kinachomtesa mwaka wa pili na wa tatu mara nyingi si ile hofu ya siku ya kwanza. Ni namna alivyoikwepa tangu siku ile.

Nianze na wahenga, maana naona kuna mzee pale ameshaandaa methali ya kunikatiza. Walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nakubali kabisa. Ukiona wingu limeshuka upande wa Kongo na upepo umegeuka, ukavuta mtumbwi wako mchangani, hapo umetumia akili. Simwambii mtu apande boti iliyojazwa kupita kiasi ati anajitibu hofu. Lakini wahenga haohao walisema pia kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mambo ya nyoka nawaachia wenye rungu. Kazi yangu mimi iko kwenye ung'ongo, ule ukuti unaofanana na nyoka lakini hauumi.

Yupo mama mmoja, mchuuzi mwenzenu. Jina sisemi wala mtaa, na ameniruhusu nisimulie. Alikuwa akipanda boti hapahapa kwenda vijiji vya kaskazini, Mwamgongo hadi Kagunga, kununua dagaa. Siku moja ya kiangazi, msimu wa upepo wa kusini, mawimbi yakaingia ndani ya boti. Watu wakalia, wakaomba kwa dini zote. Wakafika nchi kavu wameloa, magunia mawili yameharibika, mtu hakufa hata mmoja.

Wiki iliyofuata akaja Kibirizi, akalipa nauli, akaweka mguu mmoja kwenye ubao wa kupandia. Mwili ukakataa. Magoti yakalegea, macho yakaingia giza. Akashuka. Sasa nisikilizeni hapa vizuri: alipokanyaga mchanga tu, moyo ukatulia, pumzi ikarudi, jasho likakauka. Ile nafuu ilikuwa tamu kweli, na ndiyo iliyomponza.

Kwa nini imponze? Kwa sababu mwili wake ulipata somo: nimeshuka, nimepona. Haukupata somo la pili, kwamba boti ileile ilifika Kagunga salama na abiria wake wakashuka na mizigo yao wakigombania bodaboda. Angelipataje, naye hakuwemo? Aliyeshuka hapati nafasi ya kuona kwamba alichokiogopa hakikutokea. Anabaki na ushahidi wa upande mmoja.

Mikopo ya kausha damu mnaijua kuliko mimi. Asubuhi unapewa hela mkononi, hakuna maswali mengi, shida ya asubuhi imekwisha. Kukwepa ni mkopo wa aina hiyo. Nafuu unaipata palepale, na riba inakuja nyuma, kidogo kidogo, mpaka siku unashtuka umebeba deni ambalo hukulikopa.

Riba ya yule mama ilikuja hivi. Kwanza alimtuma mpwa wake kununua dagaa, mpwa akawa anarudi na dagaa wenye mchanga kwa bei ya dagaa safi. Baadaye siku za upepo akawa haji mwalo kabisa. Halafu akahamishia biashara sokoni Mwanga, mbali na maji. Mwisho ikawa usiku, upepo ukitikisa bati, anaamka moyo unamwenda mbio, naye yuko kitandani kwake juu mlimani. Ziwa halikumfuata hata hatua moja. Yeye ndiye aliyekuwa anarudi nyuma, na kila aliporudi nyuma hofu ilichukua nafasi aliyoiacha.

Wataalamu wameliona jambo hili zamani. Mwaka 1947 Mmarekani mmoja, Mowrer, alieleza kwamba hofu ina hatua mbili: tukio linaifundisha, halafu ile nafuu ya kukimbia inaitunza isife. Miaka sita baadaye, 1953, Solomon na Wynne wakachapisha majaribio yao ya mbwa. Mbwa aliwekwa kwenye sanduku lenye pande mbili. Ikitolewa ishara, baada ya sekunde chache sakafu inapitishwa umeme, basi mbwa akajifunza kuruka upande wa pili mapema. Kisha umeme ukazimwa moja kwa moja. Mbwa waliendelea kuruka, tena na tena, siku hadi siku, wakikimbia umeme ambao haupo. Mimi walivyofanyiwa wale mbwa sikupendi hata kidogo, ila siwezi kuficha kwamba nikisoma habari ile namwona yule mama sokoni Mwanga.

Wala hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi wa namna moja au nyingine, na hayo ndiyo maradhi ya akili yanayowapata watu wengi zaidi. Kwa hiyo wewe unayekaa nyuma pale ukidhani ninakusema wewe, jua kwamba mlio wengi mnadhani hivyohivyo.

Sasa niwaguse wenye nia njema. Mume anayempokelea mkewe simu zote kwa sababu mke anaogopa kuongea na wageni. Shangazi anayemwambia binti, "Basi, usiende, mimi nitakuendea." Rafiki anayekuletea vidonge vya usingizi vya dukani, visivyoandikwa na daktari, ili upande gari umelala. Yule wa konyagi kidogo kabla ya kusimama mbele za watu. Wote hawa wana huruma, na huruma hiyo inailisha hofu chakula cha jioni.

Na kuna ujanja mdogomdogo ambao hata haufanani na kukwepa. Mtu anakwenda kanisani lakini akae karibu na mlango. Anapanda daladala lakini akishika chupa ya maji, maana siku moja maji yalimsaidia. Anasafiri lakini apige simu nyumbani kila baada ya kilomita kadhaa asikie "usijali, utafika." Mwanasaikolojia wa Uingereza, Paul Salkovskis, aliliandika hili mwaka 1991: mtu anafika salama, lakini sifa inakwenda kwa chupa ya maji. Safari inayofuata chupa ikisahaulika, hofu iko palepale. Katika haya sala siihesabu, asije mtu akaniripoti kwa sheikh au kwa padri. Omba. Ukishaomba, panda.

Nini basi kinasaidia? Kusogea. Polepole, kwa mpango, na kubaki pale mpaka mwili upate lile somo la pili.

Mwaka 1924 mwanamama aitwaye Mary Cover Jones, huko Marekani, aliandika habari za mtoto wa karibu miaka mitatu, anamwita Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Hakuna aliyemwekea sungura mapajani kwa nguvu. Mtoto alikuwa akila chakula anachokipenda, sungura yuko mbali kwenye tundu lake. Siku nyingine tundu likasogezwa. Siku nyingine tena, zaidi. Mwisho Peter alimwacha sungura amdonoe vidole.

Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, panda boti uende Gombe. Marehemu Jane Goodall alipofika pale Julai 1960, sokwe walikuwa wakimwona tu, hata ng'ambo ya bonde, wanatoweka. Hakuwakimbiza. Alikaa mahali panapoonekana, siku baada ya siku, miezi ikapita, na hakuna baya lililowapata. Wa kwanza kumsogelea alikuwa dume mwenye ndevu nyeupe, akampa jina David Greybeard, na wenzake walipomwona yule ametulia nao wakaanza kutulia. Sokwe wale hawakupewa mawaidha. Hakuna aliyewaambia "jikaze" wala "acha woga, wewe mtu mzima." Walipewa muda wa kutosha wa kumwona mtu yule bila kudhurika. Ndiyo maana mimi neno "jikaze" silitumii kliniki. Halijawahi kumpandisha mtu boti.

Kwa yule mama tulifanya hivi. Kwanza alipimwa presha, damu na moyo, kwa sababu moyo kwenda mbio una sababu nyingi na si vizuri kubahatisha. Alipoonekana mzima, tukachora ngazi, kutoka linalomtisha kidogo hadi linalomtisha sana. Chini kabisa: kukaa mchangani Kibirizi boti zikipakia. Juu yake: kukaa ndani ya boti iliyofungwa kamba. Halafu kuzunguka ghuba asubuhi ziwa likiwa shwari. Halafu Mwamgongo na dada yake. Halafu Mwamgongo peke yake. Juu kabisa akaandika mwenyewe: Kagunga, siku yenye mawimbi ya kawaida. Njia hii ya ngazi si mpya. Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Johannesburg, aliieneza katika miaka ya 1950 na tangu hapo imeboreshwa sana.

Masharti yalikuwa machache. Kila ngazi airudie mpaka aichoke. Asishuke hofu ikiwa kileleni. Hili la pili ndilo gumu, nami sitawadanganya kwamba ni jepesi. Hofu ikipanda inakuambia itapanda milele, lakini mwili hauna uwezo huo. Ule mshtuko mkubwa mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10, halafu unaanza kushuka wenyewe, hata usipofanya lolote. Anayekimbia kileleni hapati kamwe kuuona unavyoshuka.

Na kabla ya kila ngazi aliandika anachodhani kitatokea, akirudi aandike kilichotokea. Aliandika kwenye daftari lake la mauzo, kwa hiyo ukurasa una hesabu za magunia juu na hofu chini. Mahali pamoja upande wa kushoto ameandika, "Nitazimia boti haijaondoka." Upande wa kulia: "Sikuzimia. Nilitapika. Mzee mmoja kanipa ndimu." Mimi kurasa za namna hiyo nazithamini kuliko hotuba yoyote, hii yangu ikiwemo. Hajaandika kwamba ilikuwa rahisi. Ameandika kwamba alichokitabiri hakikuwa.

Mtu akauliza pale mbele, jaketi okozi nalo si chupa ya maji? Hapana, na swali ni zuri. Jaketi linazuia kufa maji, na kufa maji kupo. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, halitaki mzaha. Vaa jaketi, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, boti ikizidisha abiria shuka na uwaambie na wengine washuke. Hivyo ni vita na hatari. Chupa ya maji inapigana na hofu, na haijawahi kumshikilia mtu juu ya maji.

Alipona? Anasafiri. Msimu wa upepo uliofuata hofu ilirudi, akaja analia kwamba kazi yote imepotea. Nikamsimulia mwisho wa habari ya Peter, ambao watu huwa hawausimulii. Katikati ya matibabu Peter aliugua homa, akalazwa muda mrefu, na siku ya kutoka hospitali mbwa mkubwa akamrukia. Hofu ya sungura ikarudi yote. Wakaanza upya, na safari hii ndipo walipofika mwisho. Watafiti wa siku hizi, kama Michelle Craske, wanasema kumbukumbu ya zamani haifutiki. Mpya inajengwa kando yake, na inabidi itembelewe mara kwa mara, mahali tofauti na hali tofauti, ili iwe na nguvu ya kuishinda ile ya zamani. Mama akashuka ngazi mbili, akaanza tena. Safari hii alipanda haraka.

Nimesema sana boti kwa sababu tuko mwaloni, lakini kila mmoja ana ubao wake wa kupandia. Yuko anayedaiwa kikoba. Simu ya mweka hazina ikiita anaigeuza kifudifudi juu ya meza, anapumua. Kesho yake anaacha kupokea hata namba ngeni. Keshokutwa anapita barabara ya nyuma. Angepokea siku ya kwanza akasema "sina, nipeni hadi mwezi ujao", angepigwa faini na maneno mawili, basi. Yuko pia anayezunguka kituo cha afya kwa mbali asije akapimwa. Huyu namwonea uchungu zaidi, maana hapo kukwepa kunaiacha presha au virusi vifanye kazi gizani. Na wako wasiokuja kliniki yetu kwa sababu wakionekana wataambiwa, "Kumbe na wewe wa Mirembe," ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Hawa nawaambia waje saa za alasiri, foleni ni fupi.

Sasa tahadhari, na hii naisema taratibu. Kati yetu wamo waliopitia makubwa. Wamo waliokimbia vita Kongo na Burundi, wamo wenye ndugu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wamo waliofanyiwa ukatili majumbani mwao. Hofu ya namna hiyo usiende kuifungua peke yako kwa sababu umemsikia muuguzi Kibirizi. Kusogelea kunasaidia hata hapo, lakini kunahitaji mtu aliyefundishwa kukaa nawe. Kazi hiyo haihitaji lazima bingwa kutoka mbali. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwasaidia wakimbizi wenzao, Wanyarwanda na Wasomali, kusimulia yaliyowapata kwa mpangilio, kuanzia mwanzo wa maisha hadi leo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba wengi walipata nafuu. Hofu ile isiyosemwa ilipewa mwanzo na mwisho.

Hapo nilitaka kunyamaza, lakini maswali yakaanza, na la mama mmoja naliandika kwa kuwa wengi mtakuwa nalo. Mwanawe yuko kidato cha kwanza. Kila asubuhi tumbo linamuuma, akiruhusiwa kubaki nyumbani, kufikia saa nne amepona na anacheza mpira. "Ni mwongo huyu," akasema, "au nimpeleke kwa mtaalamu wa kienyeji?"

Nikamjibu: mama, tumbo linamuuma kweli. Hofu inavuruga utumbo, hilo si igizo. Na saa nne limepona kwa sababu shule imempita. Kwanza kaa naye, bila fimbo, umwulize kuna nini huko. Kama kuna mwalimu anayemwonea au wakubwa wanaomnyang'anya hela njiani, hapo kuna nyoka, na nyoka huyo ni wa kwako wewe na mkuu wa shule, usimrudishie mtoto. Ukikuta hakuna, ila aliaibika siku moja aliposhindwa kusoma Kiingereza mbele ya darasa na wenzake wakacheka, basi usingoje hofu iishe ndipo arudi. Kila siku anayobaki nyumbani inaifanya kesho iwe ngumu zaidi. Mwanzo aende mpaka getini na wewe. Kisha vipindi viwili vya kwanza, kisha hadi mapumziko, mpaka siku nzima. Mwombe mwalimu ampokee mlangoni na kwa muda asimsimamishe ghafla, aanze kwa kusoma sentensi moja mbele ya rafiki mmoja. Akibaki nyumbani kwa kuumwa, alale kama mgonjwa. Mpira hakuna, simu hakuna. Na akienda, hata kwa vipindi viwili, msifu mbele ya baba yake.

"Na akilia?" akauliza.

Na alie, ila awe amevaa sare. Niachie namba ya mwalimu wake wa darasa, nitampigia leo jioni.